Mzee wa makadirio wa Tudor: nimemlipa 8,500 anipangie bajeti ya nyumba, haya ndio niliyopata

Nyumba yetu tuliinunua 2021, Mtopanga hapa Mombasa, vyumba vitatu na kiwanja kidogo mbele, shilingi milioni 5.8, na hesabu tuliyopiga mimi na baba watoto wakati ule ilikua ya mstari mmoja tu. Tudor tulikua tunalipa kodi 28,000, mkopo wa sacco ukaja na makato ya 32,000 kwa mwezi, tukasema tofauti ni 4,000 na nyumba ni yako, nani atakataa. Hatukuhesabu kitu chengine chochote. Stampu dyuti 4 kwa mia tulilipa, wakili tukalipa, tukaona pesa za nyumba zimeisha pale, sasa ni kuishi tu.

Zikaja zile mvua za El Niño za Novemba 2023. Saa nane usiku dari ya chumba cha watoto ikaanza kudondosha maji, tukaweka ndoo, tukaweka na beseni, alfajiri kipande cha dari kikashuka chote kitandani, alhamdulillahi watoto tulishawahamisha. Fundi akapanda juu akashuka na kipande cha kenchi mkononi akakivunja kwa vidole viwili mbele yetu kama biskuti. Kuziba tu pale, sio kuezeka, kuziba, ilitutoka 96,000 na hatukua nayo, nikakopa kwa chama, nimelipa miezi minane. Na miezi hio minane ndio pampu ikafa na shimo la choo likajaa. Nilikua nalala nawaza nyumba hii ni yangu au mimi ndio wake.

Basi jirani yangu mmoja akanipa namba ya huyu mzee. Ni mzee wa Tudor, zamani alikua mkadiriaji majengo, wale watu wa kukadiria jengo litakula saruji ngapi na nondo ngapi kabla halijajengwa, amestaafu, na sasa hivi kazi anayofanya ni hii moja: anakuja kwako, anaikagua nyumba kuanzia paa mpaka shimo la choo, halafu anakuandikia bajeti ya mwaka mzima ya kuishi na hio nyumba. Sio valuesheni ya benki, hakwambii nyumba inauzika ngapi. Wala sio fundi, hagusi kitu isipokua kugonga na kuchungulia. Jina lake siliandiki manake hana ofisi wala bango na mwenyewe ameniambia anapenda watu waelekezane. Malipo ni 8,500 kwa nyumba ya vyumba vitatu, 3,000 unatuma kwa M-Pesa siku ya kupanga, nyengine unampa akishakusomea karatasi zake.

Nianze na ubaya wa siku ya kwanza ili nimalize. Tulipanga saa mbili asubuhi, akafika saa nne na nusu, hajapiga simu, mimi nimeomba ruhusa kazini nimekaa namsubiri. Alipofika akasema ni msongamano wa daraja la Nyali. Ami, simu si unayo? Hapo alinikera kweli na nilimwambia kwa adabu, akaomba msamaha.

Lakini akishaanza kazi, wallahi sijaona mtu anaitazama nyumba hivo. "Shikamoo ami." "Marahaba mwanangu, nipe ngazi." Hata maji hakunywa. Kabla ya kupanda akapita kwenye grili ya dirisha la sebuleni, akapangusa kidole, akaniambia mimi nipanguse na changu nilambe. Chumvi. Akaniambia bahari iko kilomita mbili mwanangu lakini inalala hapa. Halafu akanionyesha pale ambapo fundi wetu alipaka rangi juu ya kutu mwaka juzi, rangi imevimba kama lengelenge, manake grili haikuoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi kabla ya kupakwa, chumvi ilifungiwa ndani na ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Sisi tulikua tunasema rangi feki.

Alitembea na nyundo ndogo anagonga slabu ya kibaraza, ko ko ko, anasikiliza, akifika pahali sauti ikabadilika ikawa kama kugonga debe tupu anachora duara kwa chaki. Alinieleza vizuri sana: nondo zikishika kutu zinavimba, zikivimba zinaisukuma zege kutoka ndani, kwanza unaona doa la kahawia, halafu ufa mwembamba unaofuata nondo, halafu kipande kinaanguka. Ukiikuta kwenye doa unatumia elfu chache, ukiikuta ishaanguka unatumia laki. Kwetu kulikua na maduara matatu. Milango aliichoma kwa msumari chini kabisa karibu na sakafu, wa jikoni msumari ukazama wote bila nguvu, mchwa. Vigae vya bafuni aligonga kwa sarafu. Kwenye choo akatia rangi ya chakula ndani ya tangi la nyuma, akaniambia usifulashi, baada ya nusu saa maji ya bakuli yakawa mekundu yenyewe, yaani tangi lilikua linavuja kimya kimya mchana na usiku na mimi nanunua maji. Akaniachia na kazi ya usiku: funga mabomba yote, soma mita ya maji kabla ya kulala, soma tena alfajiri kabla mtu hajafungua kitu. Mita ikisonga, kuna bomba linavuja chini. Kwetu ilisonga. Hio peke yake kwangu ilikua ishalipa ile 8,500.

Siku ya pili akaja baada ya wiki, safari hii kwa wakati, na karatasi 14 zimeandikwa kwa mkono. Hapa ndio kiini cha huduma yake na ndio pahali nataka nikae kidogo.

Mimi bajeti niliyozoea ni ya mwezi. Mshahara unaingia, unagawanya, chakula, skuli, stima, mkopo. Nimewahi hata kujaribu programu za simu mbili tatu, zote ni hivo hivo, zinakuuliza mwezi huu umetumia ngapi kwa nyumba, unaandika stima na maji, inakupigia makofi. Hakuna hata moja iliyoniuliza mabati yangu yana umri gani. Mzee yeye hakuanza na mwezi, alianza na umri. Kila kitu cha nyumba akakiandikia kimebakisha miaka mingapi, kukibadilisha ni ngapi, akagawanya. Mabati yetu alisema yana miaka 8 tukiyatunza, kuezeka upya na kenchi zake akakadiria 380,000, gawanya kwa 8 ni 47,500 kwa mwaka, gawanya kwa 12 ni kama 4,000 kwa mwezi. Yaani tangu siku ya kwanza tulipoingia, paa lilikua linatudai 4,000 kila mwezi na sisi hatujui. Ile 4,000 ile ile tuliyosema ndio tofauti ya kodi na mkopo! Nilinyamaza pale nikamuangalia baba watoto, na yeye akaniangalia.

Rangi ya nje kila miaka mitatu 84,000, basi ni 28,000 kwa mwaka. Grili na geti kuoshwa, kusuguliwa na kupakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu kila mwaka 18,000. Shimo la choo kunyonywa mara mbili 14,000, manake mitaa mingi ya huku kwetu hatuna bomba la maji taka, ni shimo na gari la kunyonya. Maboza manne ya maji, yale magari ya tangi, 24,000. Pampu akaipa miaka mitatu, na akasema ni mingi kwa maji ya chumvi, 5,000 kwa mwaka. Mchwa 3,000. Reti za kaunti na lendi renti ya serikali pamoja 11,000, manake kiwanja chetu ni cha lizi, yaani cha kukodi kwa serikali, kwahivyo tunadaiwa pande zote mbili, na hapo nakiri hatukua tumelipa tangu tuhamie, tulifikiri itakuja bili mlangoni. Riba ya kuchelewa inapanda na hakuna anayekuita. Kaunti huwa inafungua dirisha la kusamehe faini mara nyengine, lakini mzee akasema bajeti haipangwi kwa kungojea msamaha. Bima ya nyumba 12,000. Mwisho 18,000 za lolote litakalotokea. Jumla 180,500 kwa mwaka, ni 15,042 kwa mwezi.

Nilimwambia ami hapa umetuua. Nikamtolea na ile kanuni wanayoisema watu mitandaoni, weka asilimia 1 ya bei ya nyumba kila mwaka kwa matengenezo, kwetu ingekua 58,000. Akasema hio kanuni imetoka kwenye nchi za watu, bomba linatoa maji kila siku na upepo hauna chumvi, tena wao reti na bima wanazihesabu kando. Hapa ukiweka asilimia 1 unaweka pesa ya rangi na grili, umebakiwa na kidogo, na paa linakungoja. Kwetu ilifika asilimia 3 na kitu. Mimi sisemi ni hivo kwa kila nyumba ya Mombasa, yetu ni ya zamani na ilikua haijatunzwa, lakini ukitazama zile karatasi moja moja huoni pahali ameongeza chumvi.

Cha pili kilichonipendeza ni kwamba mwaka ameupanga kwa misimu yetu, sio kwa robo za ofisini. Kaskazi, ule msimu wa upepo wa kaskazini, ni jua na kukavu, kazi za nje zote zifanywe hapo, kuosha chumvi, rangi, kuziba slabu, kuezeka. Mwezi wa tatu kabla ya masika unasafisha milizamu, ile mifereji ya paa, na unanyonya shimo, manake mvua ikinyesha ardhi imelowa shimo linajaa haraka na magari ya kunyonya yanapandisha bei. Masika yenyewe ni ya kuangalia tu, unatembea ndani ya nyumba na tochi unaandika panapovuja, hio ndio orodha ya kazi ya baadaye. Na kaskazi hio hio ndio stima inapanda, feni tano zinazunguka usiku kucha, wastani wa miezi mitatu ukipita yuniti 100 unasukumwa kwenye bei ya juu, kwahivyo akaniongezea 1,500 za tokeni kwa ile miezi ya joto peke yake badala ya kusema stima ni kiasi fulani mwaka mzima.

Suala la maji nalo alilieleza ikaniingia. Wengi tunajua maji yetu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na hayatutoshi, kwahivyo ukipata zamu unajaza, ukikosa unanunua boza au mkokoteni. Sisi tulikua na tangi la lita 5,000 lakini mlizamu wa nyuma ulishaanguka tukauacha. Akachukua kalamu: paa lenu ni mita za mraba 140, mvua ya milimita 10 tu, ambayo Mei ni mvua ya kawaida, ni lita 1,400 zinazomwagika uani. Mvua saba za hivo ni boza zima la lita 10,000, na boza mimi huuziwa 6,000. Mlizamu mpya ulinigharimu 13,500 na fundi wake. Sio ya kunywa manake mabati yana kutu, lakini kufulia, kuoshea, kufulashi choo, masika yote ya 2025 sikununua boza hata moja.

Alitugawia pia yale yanayoweza kungoja na yasiyoweza. Mimi nilikua nimeweka 60,000 za kabati la jikoni, nimeliota hilo kabati miaka. Mzee akasema paa, shimo, na maduara ya chaki kwanza, jikoni ingoje. Ilinichoma. Lakini nilipofikiria kulifunga kabati zuri chini ya dari inayovuja nikamuelewa.

Sasa kasoro, na sizifichi. Mwandiko wake ni wa daktari, karatasi tatu ilibidi nimpigie simu anisomee. Bei zake za vifaa zote kazitoa kwenye duka moja la hadwea na sio rahisi, mimi nikazunguka mwenyewe siku mbili Kongowea na Makupa na ile kazi ya paa ikashuka kutoka 380,000 mpaka 341,000 kwa mabati ya geji ile ile, kwahivyo karatasi zake zichukue kama dari ya bei, usizichukue kama bei. Stima hakagui kabisa, anafungua boksi anachungulia anafunga, nililipa fundi wa stima 3,000 kando na akakuta waya wa hita ya bafuni umeungua nusu. Kwa nyumba ya zamani stima ingefaa iwe ndani ya huduma, au basi amwambie mtu mapema. Mlinzi wa mtaa na taka hakuviweka, vyote tunachangia kila mwezi. Na kubwa zaidi, hajui mfuko wa mtu. Kazi zote za nje kaziweka Januari mpaka Machi, sawa kukavu, lakini Januari ni ada za skuli, na Ramadhani ya 2025 iliingia Machi mwanzo, futari, nguo za Idi, wapi na wapi na rangi. Ilibidi tukae wenyewe tuzisogeze, ile rangi ya nje hatujaipaka hadi leo.

Kitu kimoja nampa heshima kubwa: hana fundi wake. Nilimuomba anipe mtu wa mabati akakataa katakata, akasema nikikupa fundi kesho utajiuliza kama paa lilikua bovu kweli au nilikua namtafutia kazi. Kwa mji huu ambao kila anayekuja kukukagulia ana shemegi anauza rangi, hilo ni kubwa.

Kama inafaa kwa kila mtu, hapo sijui niseme vipi, nitawaambia nilivoona kwa watu wangu wawili. Dadangu ana flati Nyali, analipa savis chaji 9,500 kwa mwezi, yeye anaona imemaliza kila kitu, lifti, jenereta, mlinzi, pampu. Lifti ilipokufa kila mwenye flati aliandikiwa 45,000 ndani ya mwezi mmoja, manake ile savis chaji yote inaliwa na mwezi wake, hakuna mfuko wa akiba wa jengo. Kwa flati kama hio mzee hana kazi kubwa, anakagua ndani tu. Cha kufanya pale ni wenye nyumba kukaa pamoja kudai hesabu, sheria ya Sectional Properties ya 2020 imewapa wenye flati chombo chao cha kuendesha jengo, sio kumuachia aliyejenga. Na kwa vile mkopo wake ni wa benki, nilimwambia aulize kazini kwao kuhusu nafuu ya riba, mwenye nyumba anayeishi ndani yake riba hadi 360,000 kwa mwaka inatolewa kwenye mapato kabla hajakatwa kodi, zamani ilikua 300,000 ikaongezwa mwisho wa 2024. Alikua hajui.

Wa pili ni mamangu mzazi, Majengo, nyumba bila ardhi. Asiyekua wa huku anaweza asielewe: nyumba ni ya mama, alirithi kwa babake, lakini kiwanja kina mwenyewe na kila mwezi mama anamlipa kodi ya kiwanja. Nilimpeleka mzee, akachukua 5,000 manake ni ndogo, na bajeti aliyoandika ilikua tofauti kabisa na yangu. Kabla ya kugonga ukuta hata mmoja aliomba risiti za kodi ya kiwanja, mama akaleta mfuko wa nailoni una risiti za miaka mitano na nyengine hazipo. Akasema hizi ndio paa lako mama, zitafute zote, weka nakala kwa mwanao, na kila matengenezo makubwa umuarifu mwenye kiwanja kwa maandishi kwanza usije ukaambiwa umejenga bila ruhusa. Kwenye kutumia akamwambia aweke pesa kwenye vinavyong'oleka, mabati, milango, tangi, asizike pesa kwenye vigae na sakafu. Mama alikua anataka vigae. Wamebishana pale nusu saa, mama hakubali mpaka leo, lakini vigae hajaweka.

Pesa zenyewe tunaziweka vipi, hilo mzee hakutufundisha, tumejaribu wenyewe. Chama hakifai kwa hii, zamu yako inakuja Septemba na mvua imekuja Mei. Hisa za sacco huwezi kuzitoa ukazirudisha unavotaka. Tumefungua akaunti ya benki bila kadi, na zile za kazi ya miezi michache tunazifungia kwenye M-Shwari tusiziguse. 15,042 hatukuweza, nasema kweli, tulianza Septemba 2024 na 9,000 miezi mitano, tukapanda 12,000 miezi sita, tangu Agosti 2025 tunaweka 15,000. Kufika Novemba tumeweka 177,000. Tumetoa za kunyonya shimo mara mbili, reti na lendi renti, bima, maboza matatu wakati wa kaskazi, pampu kutengenezwa 4,500, na grili tulisugua wenyewe na wanangu wawili wakubwa, tukapaka, vifaa 7,400 tu badala ya 18,000. Jumla tumetumia 66,900. Mlizamu, lile tangi la choo na bomba lililokua likivuja tulivitoa mshaharani mwanzo kabisa kabla hatujajipanga. Maduara ya chaki mawili tumeziba kwa pesa ya bonasi ya baba watoto, la tatu bado.

Nampa mzee 4 kwa 5, ile moja nimeitoa kwa stima na kwa saa mbili na nusu zangu. Ukitaka kumuita, muite baada ya masika, Juni au Julai, madoa ya maji bado yanaonekana ukutani na una miezi ya kuweka pesa kabla kaskazi haijaingia, na hakikisha una ngazi ndefu manake yeye haji na ngazi.

Kwenye akaunti zimebaki 110,100. Nimeongeza zile 60,000 za kabati, ni 170,100, na nusu ya kazi ya paa ni 170,500. Fundi nimeshamlipa arubuni. Upande wa nyuma, wa chumba cha watoto, tunaezeka katikati ya Januari.